Siku Arobaini na Baada Yake
Hotuba kwa wahitimu wa uuguzi na ukunga, Tanga

Mgeni rasmi, walimu, wazazi mliotoka mbali, na ninyi wahitimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wanangu mlioniamkia pale mlangoni, marahaba, nimewasikia.

Nimeombwa niseme juu ya VVU kwa mama mjamzito, kwa mtoto mchanga na kwa mgonjwa aliyepungukiwa kinga. Mambo ya vitabuni mmeshayafanyia mtihani na mmefaulu, kwa hiyo sitawasomea mwongozo. Nitaanzia pale sisi watu wa Tanga tunapoanzia habari ya mzazi yeyote: arobaini.

Mnaijua. Mwanamke akikaribia kujifungua, hasa uzazi wa kwanza, anarudi kwao. Akishazaa anakandwa na maji ya moto, anafungwa mkaja, anapikiwa uji wa pilipili manga, hashiki ufagio wala ndoo. Mtoto hatolewi nje mpaka siku arobaini zitimie. Mimi mwenyewe nilikandwa na marehemu mama, na sitawaambia muipige vita desturi hii, kwa sababu mwili uliozaa unataka kulala na kuhudumiwa. Ila nataka mhesabu pamoja nami. Siku arobaini ni wiki sita kasoro siku mbili. Kwa mama anayeishi na VVU, hizo ndizo wiki ambazo mtoto anatakiwa apewe nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga na virusi, kila siku bila kuruka. Wiki ya sita ndiyo mtoto anachomwa kisigino, damu inadondoshewa kwenye karatasi na kupelekwa maabara. Wiki hiyohiyo anaanzishiwa Septrini, dawa ya kumkinga na nimonia. Na humohumo ndani ya arobaini vidonge vya mama vinaisha, anatakiwa akachukue vingine. Yote hayo yanaangukia wakati mama yuko nyumba nyingine, pengine mkoa mwingine, amezungukwa na watu ambao hajawaambia kitu.

Hapo ndipo tunapowapoteza. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, na mara nyingi nilizomwona mtoto ameambukizwa katika miaka hii ya karibuni, dawa ilikuwepo kabatini. Kilichotokea ni kwamba iko siku mama yake alitoka machoni petu na hakuna aliyemfuata.

Niwape kisa kimoja, na kosa lililomo ni langu.

Miaka michache iliyopita, katika kituo nilichokuwa zamu, aliingia leba binti wa uzazi wa kwanza. Alikuwa anaishi na mumewe Dar es Salaam, akaja kwa mama yake mimba ikiwa ya mwezi wa nane. Kadi ya kliniki, alisema, imesahaulika kwenye basi. Tukampima, kipimo kikasoma anavyo. Nilipomwambia hakushtuka, aliangalia ukuta tu. Nikaelewa kwamba alikuwa anajua siku nyingi. Baadaye alinieleza kuwa vidonge alikuja navyo vya mwezi mmoja, akavificha ndani ya pakiti ya pedi, vikaisha wiki tatu kabla ya uchungu. Kwenda kuomba vingine kwenye zahanati ya kijijini kwao, ambako shangazi yake ni mfagizi, hakuthubutu.

Lakini hayo alinieleza baadaye. Usiku ule sikumuuliza. Nilimuuliza kama alikuwa anatumia dawa, akasema ndiyo, nikaridhika. Swali nililopaswa kumuuliza ni jingine: kidonge cha mwisho ulikunywa lini? Mama aliyekaa wiki tatu bila dawa anaingia leba virusi vimeshapanda. Mtoto wake ni wa hatari kubwa. Anastahili dawa mbili, zidovudini na nevirapini, na kinga iendelee mpaka wiki ya kumi na mbili. Mimi nikampa dawa moja, ya wiki sita. Kesho yake wakaondoka.

Arobaini ikapita, hawakuja. Nilikuwa na namba ya simu ya mama, nilipiga mara mbili haikupatikana, nikaacha. Mtoto niliyekuja kumwona alikuwa wa miezi minne, anahema mbio, mbavu zinaingia ndani, midomo imegeuka rangi. Ninyi mliosoma mnajua nimonia ya namna ile inayowapata watoto wenye VVU kati ya miezi mitatu na sita, ile ambayo Septrini ndiyo ngao yake. Hakuwahi kuonja Septrini. Alifariki siku ya tatu.

Sikuwaletea kisa hiki ili niwahuzunishe siku yenu ya furaha. Nimekileta kwa sababu matundu yaliyommeza mtoto yule ni madogo sana. Swali moja leba, simu ya tatu, karatasi moja ya damu.

Turudi nyuma kidogo mwone jinsi matundu yalivyokuwa makubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Nilipoanza ukunga, mama mwenye VVU tulimzalisha tukiwa na glovu na maombi, basi. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama hao huambukizwa 15 mpaka 45: wengine tumboni, wengine wakati wa kuzaliwa, wengine kwa kunyonya. Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba zidovudini ikitolewa kwa mama wakati wa mimba na uchungu, kisha kwa mtoto, maambukizi yanashuka kutoka watoto 25 hivi katika 100 hadi 8. Tulisoma habari hiyo kama mtu anayesoma bei ya gari. Nani angetupa dawa ile?

Kisha mwaka 1999 zikatoka habari za jirani, hospitali ya Mulago, Kampala. Kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama uchungu ukianza, na dozi moja kwa mtoto ndani ya siku tatu, na maambukizi yakapungua karibu nusu yakilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Siwezi kuwaeleza tulivyojisikia. Kidonge kimoja! Kilikuwa na kasoro yake, kwani kilimwachia mama usugu wa dawa na hakikumlinda mtoto ziwani, lakini ndicho kilichotufundisha kwamba mkunga wa kawaida, katika kituo cha kawaida, anaweza kumkinga mtoto.

Suala la ziwa nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu mpaka leo, na kwa sababu mama wakwe wako hapa.

Utafiti wa Nairobi uliotolewa mwaka 2000, ukiongozwa na Daktari Ruth Nduati, uliwagawa akina mama wenye VVU makundi mawili: wa kunyonyesha na wa kutumia maziwa ya kopo. Kufikia miaka miwili, kundi la kunyonyesha lilikuwa na watoto karibu 37 katika 100 wenye virusi. Kundi la kopo 20 hivi. Ukiishia hapo utasema, basi waacheni wasinyonyeshe. Ila tazameni vifo. Vifo vya watoto katika makundi yote mawili havikupishana sana, na hao walikuwa mjini, walipewa maziwa bure, walikuwa na maji safi. Halafu Botswana, nchi iliyokuwa inawapa akina mama hao maziwa ya kopo bila malipo, mwanzoni mwa 2006 ilipata mvua kubwa na kuhara kukazuka. Watoto waliolazwa na waliokufa walikuwa kwa wingi wale wasionyonya. Kopo liliwaepusha na virusi, chupa ikawaingizia maji machafu.

Na Durban, Afrika Kusini, mwaka 1999, ikaonekana jambo ambalo mama wakwe naomba mlisikilize vizuri: mtoto anayepewa ziwa tupu katika miezi ya mwanzo yuko salama kuliko anayechanganyiwa. Kuchanganya ni nini? Ni kijiko cha maji kwa sababu kuna joto. Ni maji ya sukari, ni dawa ya mchango, ni uji mwepesi wa mwezi wa tatu kwa kuwa mtoto analia na sisi tumelea kumi hatujawahi kuambiwa. Utumbo wa mtoto mchanga ni laini. Vitu hivyo vinaukwaruza na kuuvuruga, na virusi vilivyomo kwenye maziwa vinapata pa kupenyea. Bibi anayempa mjukuu maji hana nia mbaya. Anampenda. Mkimkemea mbele ya watu mmeshampoteza, na mkwewe mmempoteza pamoja naye. Mkalisheni, mwambieni kwamba maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata mwezi wa pili wa kaskazi, na mwombeni yeye ndiye awe mlinzi wa ziwa tupu kwa miezi sita. Nimeona mabibi wakali sana katika ulinzi huo.

Dawa ndiyo iliyotutoa katika ule uchaguzi mbaya wa kuhara au virusi. Hapa kwetu, Dar es Salaam, watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Sweden waliwapa akina mama dawa kamili wakiwa wanaendelea kunyonyesha, na kufikia miezi sita maambukizi yalikuwa watoto 5 hivi katika 100. Malawi mwaka 2011 wakaamua kila mjamzito mwenye VVU aanze dawa na asiache tena maisha yake yote, bila kusubiri CD4, kipimo cha nguvu ya kinga ya mwili, ishuke. Sisi tukafuata 2013. Leo mama aliyeanza dawa kabla ya kushika mimba, na ambaye virusi havionekani kwenye kipimo, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua ni chini ya 1 katika 100, na anaruhusiwa kunyonyesha mpaka miaka miwili kama mama mwingine yeyote, mradi asiache vidonge.

Ndiyo maana kipimo cha wingi wa virusi kwa mjamzito si cha kusubiri zamu ya mwaka. Na mkiwa leba, msipasue chupa ya uzazi bila sababu, msimkate mama kumwongezea njia bila sababu. Mlifundishwa, lakini saa tisa za usiku mikono inapenda haraka.

Kuhusu TLD, kidonge chetu cha sasa cha VVU chenye dolutegraviri ndani yake, nina mambo mawili ya kliniki. La kwanza: mtakutana na mama aliyesikia kwamba dolutegraviri inaharibu mgongo wa mtoto tumboni. Msimcheke. Habari ile haikutoka hewani. Mwaka 2018 takwimu za awali za Botswana zilitia wasiwasi, na nchi nyingi zikasita kuwapa wanawake. Hesabu zilipoendelea, tofauti ikapungua mpaka ikawa hakuna, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wote, wajawazito wakiwemo. Mwelezeni hivyo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu akielezwa habari nzima huwa anatulia. La pili: kila mjamzito tunampa vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma na kalsiamu yanaishika dolutegraviri tumboni isifyonzwe vizuri. Akinywa vyote pamoja akiwa amekula, hakuna shida. Akiwa hajala, TLD itangulie kwa saa mbili au ifuate baada ya saa sita. Nimeona mama mwenye bidii, hajawahi kuruka siku hata moja, virusi vyake havishuki, na kumbe kila alfajiri anavimeza vyote kwa maji matupu kabla ya kwenda shamba. Tulikuwa tumeshaanza kumshuku kuwa anatudanganya. Niliona aibu.

Sasa yule ambaye hana. Mjamzito aliyepimwa mwezi wa tatu, akaonekana hana virusi, kadi yake ikaandikwa, na hakuna aliyemwangalia tena. Huyu nawaombeni mumkumbuke sana. Anaweza kuambukizwa mwezi wa sita wa mimba, au mtoto akiwa na miezi minane ziwani, na maambukizi mapya hujaza damu na maziwa virusi kuliko ya zamani. Mrudieni kupima miezi ya mwisho ya mimba, na mrudieni tena anaponyonyesha. Waume zao nao. Mume akija kliniki msimwache amesimama nje juani kama mlinzi. Mpeni benchi, msalimieni, mpimeni. Na kaswende na homa ya ini msizisahau, damu ni ileile.

Mtoto sasa. Wazazi wengi hawaelewi kwa nini mtoto asipimwe kwa kile kipimo cha haraka cha mama yake. Semeni hivi: mama humpa mtoto askari wake tumboni, na kipimo cha haraka kinahesabu askari, hakimwoni adui. Askari hao wanaweza kukaa mwilini mwa mtoto hadi miezi kumi na minane. Kwa hiyo kabla ya hapo tunamtafuta adui mwenyewe, kwa ile karatasi ya damu ya wiki ya sita, kisha tena miezi tisa. Jibu la mwisho ni miezi kumi na minane au baada ya kuacha ziwa, lolote litakalochelewa. Mama akiambiwa wiki ya sita kwamba mtoto hana, anashukuru Mungu na hatumwoni tena, na mtoto bado ananyonya.

Na karatasi ikirudi na jibu baya, msingoje mama aje siku yake ya kliniki. Watoto walioambukizwa wasipotibiwa, nusu yao hawafikishi miaka miwili, na wengi wa hao huondoka katika miezi ya kwanza. Utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa mara moja, hata wakiwa wanaonekana wazima, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Zamani kumwanzishia kichanga kulikuwa vita: dawa ya maji chungu kama shubiri, inataka friji, mtoto anaitema, mama analia. Tangu 2021 zimeanza kufika vidonge vidogo vya dolutegraviri vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji, vina ladha ya stroberi, vinafaa kuanzia wiki nne na kilo tatu. Mara ya kwanza nilipomwona mtoto akilamba kijiko mpaka kikawa kikavu, nilitoka nje nikakaa kidogo.

Chanjo nyingine zote apewe kwa wakati. BCG, chanjo ya kifua kikuu, peke yake ndiyo ya kufikiri: mtoto ambaye imeshathibitika kuwa ana virusi asubiri mpaka awe kwenye dawa na kinga yake imekaa sawa. Ambaye hali yake haijajulikana na hana dalili, mpeni.

Mgonjwa aliyepungukiwa kinga nimemweka mwisho, lakini mara nyingi ni mwanamke yuleyule. Alitoka machoni petu baada ya arobaini, akaacha dawa, na miaka miwili baadaye analetwa na bodaboda, amekonda, nguo zimemvaa. Mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200 hesabuni kuwa yuko hatarini hata kama ameingia kwa miguu yake akiwaamkia. Kila mtoto chini ya miaka mitano mwenye VVU ambaye hajatulia kwenye dawa mhesabuni vivyo hivyo. Tafuteni kifua kikuu, hata kwenye mkojo kama kipimo kipo, kwa sababu huyu hana nguvu ya kukohoa makohozi. Akikutwa nacho na akaanza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, dolutegraviri iwe mara mbili kwa siku, maana rifampisini inaimaliza haraka. Asiye na kifua kikuu apewe dawa ya kumkinga nacho. Septrini apewe.

Na hapa nawaomba mpunguze mwendo. Tumewafundisha kuanza ARV siku hiyohiyo, na kwa wengi ni sawa. Lakini mgonjwa wa kinga ndogo anayelalamika kichwa kimemuuma wiki ya pili sasa, shingo imekaza, taa inamuumiza macho, msimpe kidonge na kumruhusu. Pimeni damu kama ina fangasi wa kriptokoka, mpelekeni hospitali akachukuliwe maji ya uti wa mgongo. Akiwa na homa hiyo ya uti wa mgongo, anatibiwa fangasi kwanza na ARV zinasubiri wiki nne mpaka sita, kwa sababu kinga ikiamka ghafla ndani ya ubongo ulio na vita inaweza kumuua. Siku hizi dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina ya liposomu pamoja na vidonge vya wiki mbili inafanya kazi ambayo zamani tuliifanya kwa chupa za kila siku na figo zikiharibika. Ulizeni kama ipo hospitali yenu. Haipo? Ulizeni tena mwezi ujao.

Mtaanza kazi wakati mgumu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, sehemu nyingi waelimisha rika ndio waliotangulia kupoteza kazi, wale akina mama waliokuwa wanajua nyumba ya kila mzazi na njia ya uani ya kuingilia bila majirani kujua. Dawa huhesabiwa kwenye vitabu vya stoo. Kazi ya wale akina mama haikuwa na safu yake. Itawaangukia ninyi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa hiyo mjamzito akiwaambia mwezi wa saba kwamba anakwenda kujifungulia kwao, msimwambie tu safari njema. Mpeni dawa za kuvusha arobaini na akiba juu yake. Mwandikieni barua ya uhamisho. Mpigieni simu muuguzi wa huko anakokwenda, mkubaliane na mama jina atakalojitambulisha nalo mwenzenu akipiga. Mwulizeni nani nyumbani anajua. Kama hakuna, mwulizeni dawa atazificha wapi, na mfikiri naye.

Mimi nastaafu mwisho wa mwezi huu. Baada ya yule mtoto wa miezi minne nilianzisha daftari. Halina majina, lina namba za kadi, linakaa kwenye kabati la kliniki na ufunguo unashikwa na mfawidhi. Kila mtoto ana mstari wake: wiki ya sita, miezi tisa, miezi kumi na minane, na mstari haufungwi mpaka mtoto awe hana virusi na ameacha ziwa, au yuko kwenye dawa. Nimepewa taarifa kwamba mmoja wenu amepangiwa kituo chetu. Simjui bado ni nani kati yenu, nitamwona Jumatatu. Mistari kumi na mmoja humo iko wazi. Wa juu kabisa anatimiza miezi tisa wiki ijayo, mama yake amehamia Pangani, na simu yake hupatikana jioni tu, akishatoka kuuza samaki.